Devayani na Usukani

Asubuhi tuliyopanda basi kwenda mahakama kuu kule Ernakulam, kila mwanamke kati yetu alikuwa na malengelenge viganjani. Tulikuwa tumepiga makasia tangu mvua za kwanza zilipoanza, jioni baada ya jioni, na mashindano yenyewe yalikuwa kesho yake. Na bado hatukujua kama tungeruhusiwa kuingia majini.

Mimi naitwa Vilasini. Nashona nguo hapa Chempakkara, kijiji chetu cha kando ya mto, na katika mtumbwi wetu nakaa safu ya tatu, upande wa kulia. Mtumbwi ni mrefu, mwembamba, unabeba wanawake thelathini na wengine wa kuimbisha. Nyuma kabisa, pale tezi inapoinuka, husimama mtu mmoja mwenye kasia kubwa la kuelekeza chombo. Huyo ndiye mwenye usukani. Sisi tulio chini tunasukuma tu. Yeye akikosea, thelathini wanaoga.

Sasa, wanawake wamekuwa na mbio zao hapa kwa miaka mingi. Lakini tazama picha za miaka yote hiyo: mtumbwi umejaa wanawake, na aliyesimama nyuma ni mwanamume. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hata sisi hatukuuliza, mpaka mwaka ule tulipokaa kuchagua mtu wa usukani, na Aleyamma, muuza samaki, akasema mbona tunahangaika kumtafuta mtu wa kukodi ilhali tuna Devayani.

Devayani alikuwa amepita miaka hamsini, mabega mapana, maneno machache. Baba yake alikuwa akibeba makumbi ya nazi na mchanga kwa mtumbwi mkubwa wa mizigo. Macho ya baba yalipoanza kufifia, yeye, mtoto wa kwanza, akachukua kasia. Akasimama nyuma ya mtumbwi ule tangu hajavunja ungo mpaka malori yalipokuja kuiua kazi yenyewe. Baada ya hapo akafuga bata. Tulipompelekea ombi letu hakujibu siku ile. Kesho yake alifika mazoezini, akapanda nyuma, akauliza, "Mnangoja nini?"

Tukaandikisha jina lake. Kamati ya mashindano ikalirudisha. Kanuni, walisema, inataka usukani ushikwe na mwanamume mzoefu, kwa ajili ya usalama. Tulete mwanamume au tukae nyumbani.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Kuruvila, mzee tajiri mwenye klabu yake mwenyewe na mtumbwi wake wa wanawake. Na aliyemkodi kushika usukani wa mtumbwi huo alikuwa Sugathan, mdogo wake Devayani, ndugu pekee aliye naye. Mto mzima unamjua Sugathan. Wakati wa mashindano sura yake hubandikwa hadi kwenye vioo vya vinyozi.

Tulipofungua kesi, kamati ilipeleka mahakamani hati ya kiapo iliyotiwa sahihi na Sugathan. Ilisema kwamba chini ya daraja, karibu na mwisho wa mbio, kuna mkondo unaokata mto kwa ubavu, kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kuupita katika mashindano, na kwamba watu wanaweza kufa. Wakili wetu, Jacintha, alimsomea Devayani hati ile barazani kwake. Devayani alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Maneno si yake, ila sahihi ni yake," akaenda kulisha bata. Tangu siku hiyo ndugu wawili hawakusemezana.

Basi ndivyo tulivyofika mahakamani, basi zima la wanawake, tukapanda ngazi, tukajipanga kwenye benchi za nyuma. Baridi ya viyoyozi ilikuwa kali, tukajifunika ncha za sari zetu kichwani kama tumo kwenye msiba. Jaji alikuwa na mafua. Pembeni yake kulikuwa na chupa ya maji ya moto ya bizari nyembamba, na kila baada ya muda alikunywa funda moja, akapenga kamasi, akaendelea. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya likizo ya Onam, sikukuu yetu ya mavuno, na alikuwa amekusudia kumaliza kila kilichokuwa mezani. Kesi yetu ilikuwa mbali sana chini ya orodha.

Mambo yote yalisemwa kwa Kiingereza. Nimisha, binti anayejifunza uwakili kwa Jacintha, alikaa mwanzo wa benchi akitunong'oneza kwa Kimalayalam, lugha yetu, na kila mtu akamnong'oneza wa pembeni yake. Kwa bahati mbaya Aleyamma alikaa mwisho kabisa.

Kwanza ilikuja kesi ya bibi mmoja mjane aliyeishi gizani kwa sababu jirani yake hakutaka waya wa umeme upite juu ya ua wake. Wakili wa jirani alizungumza sana kuhusu haki ya mtu katika ardhi yake. Jaji akamwuliza kama mteja wake ana friji. Anayo. Ana feni? Anazo tatu. Basi, Jaji akasema, waya upite kwenye mpaka wa ua, na bibi awe na taa kabla ya sikukuu. Benchi letu likatikisika. Nilimfinya paja aliyekaa karibu nami, naye akanifinya.

Ikafuata kesi ya tembo. Mahekalu mawili yaligombea tembo mmoja kwa maandamano yao yaliyoangukia siku moja, kila moja lina karatasi zake. Jaji hakuzitazama karatasi sana. Aliuliza daktari wa wanyama amesema nini, na daktari alikuwa amesema tembo ana vidonda kwenye nyayo. Jaji akaamua kwamba asipelekwe popote, akae apumzike, atibiwe. Mawakili wote wawili walikaa kwa pamoja kama waliokatwa kamba. Habari ile ikasafiri kwenye benchi letu, na ilipomfikia Aleyamma, tembo alikuwa ameshakufa. Akaanza kumsikitikia kwa sauti, mpaka askari wa mahakama akaja kumtazama.

Kisha msichana aliyepewa sifuri kwa sababu kurasa za mtihani wake zilipotea mikononi mwa wasahihishaji. Jaji akaamuru apimwe upya na nafasi yake ya uuguzi ingojee. Mama yake alikuwa mbele yetu. Alizika uso ndani ya sari akalia bila sauti, mabega yakimtetemeka, nasi tusiomjua tukafuta machozi pamoja naye. Kufikia hapo tulikuwa tumechangamka kama tuko uwanjani. Mimi na jirani yangu tuliwekeana dau la sahani ya nyama ya kukaanga juu ya kila kesi, na nilikuwa ninashinda.

Kisha akaletwa mtu aliyejenga duka juu ya ukingo wa mfereji. Alikuja mwenyewe, mwembamba, shati lake jipya bado lina mikunjo ya dukani. Wakili wake aliomba, akasihi, akataja watoto. Jaji alimsikiliza kwa upole kuliko alivyomsikiliza yeyote asubuhi ile, kisha akasema duka livunjwe, kwa sababu mfereji ukizibwa watu wa nyuma wanafurika. Yule mtu alibaki amesimama hata baada ya kesi yake kuisha, hajui atoke mlango gani.

Hapo dau letu likafa. Tulikuwa tumeanza kumwona Jaji kama mjomba anayegawa peremende. Sasa tukakumbuka kwamba mlango ule ule waliotokea wenye furaha, yule naye alitokea.

Tuliitwa baada ya chakula cha mchana. Wakili wa kamati alikuwa mrefu, sauti yake kama sharubati. Alisema wanawake wanaheshimiwa mno katika mto ule, ndiyo maana wana mbio zao. Hapa hakuna ubaguzi, kuna usalama na mila tu. Alisema mashindano ni kesho, ratiba imeshapangwa. Alisema huyu mama hana uthibitisho wowote wa uzoefu.

Jaji akamwuliza kama kamati ina mtihani wowote inaowapa wanaume wa usukani. Wakili akainama kunong'onezana na Bwana Kuruvila. Akainuka, akasema hakuna mtihani. Uzoefu wa mtu hujulikana na watu.

Jaji akanywa funda la maji yake. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, akaacha Kiingereza. "Haya," alisema kwa Kimalayalam, "tuwaulize watu. Huyu Sugathan aliyeapa hapa, yupo?"

Sugathan alikuwa amekaa nyuma ya Kuruvila. Alisimama, shuka yake nyeupe imepigwa pasi, viganja vimekutana kifuani. Sijawahi kumwona mdogo kama alivyokuwa pale.

"Umeshika usukani tangu lini?"

"Tangu utotoni, Mheshimiwa."

"Nani alikufundisha?"

Kuruvila alikohoa. Sugathan alitazama vidole vya miguu yake. Benchi letu lote liliinama mbele, na safari hii hakukuwa na haja ya Nimisha kutafsiri.

"Alinifundisha dada yangu, Mheshimiwa."

"Dada yupi?"

"Ninaye mmoja tu." Akamwonyesha kwa kidevu. "Yule pale."

"Na hapa umeapa kwamba mwanamke hajawahi kuupita mkondo huo katika mashindano."

"Ni kweli, hajawahi."

"Kwa nini hajawahi?"

Sugathan akasema kwa sauti ya chini, "Hakuna aliyemruhusu."

Jaji akamgeukia Devayani, aliyekuwa ameshasimama bila kuambiwa. Akamwuliza, kwa heshima kabisa, yeye angeupitaje mkondo ule wa chini ya daraja. Devayani alifikiri kidogo. Akasema, "Bwana, maji ya kesho nitayajua kesho. Huku ghorofani siyaoni."

Chumba kizima kilicheka, hata karani. Jaji alicheka hadi mafua yakamzidi. Wakili wa kamati tu ndiye aliyebaki na uso wake.

Uamuzi wenyewe haukuchukua muda. Jaji alisema kanuni inayomzuia mtu kwa sababu tu ni mwanamke haiwezi kusimama. Lakini mkondo ni mkondo, na yeye hataki kusoma gazetini kwamba watu wamezama kwa amri yake. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya mbio, kamati iwapime wote wenye usukani katika mbio za wanawake, kila mmoja apite chini ya daraja mbele ya watu. Atakayepita, ashike usukani. Atakayeshindwa, ashuke. "Wote," alirudia. "Mwanamume na mwanamke. Mkondo hauulizi."

Tulitoka tukiwa tumeshikana mikono, hatujui kama tucheke au tuombe. Tulikuwa tumeshinda, na bado hatujashinda. Jacintha alituambia tumpe nafasi apumue, akaketi kwenye ngazi na joho lake jeusi, akaondoa viatu.

Pale nje gari la kamati lilikuwa limeshaondoka, na Sugathan hakuwamo. Kuruvila alikuwa amemwambia kwamba mtu asiyejua anakula kwa nani ajitafutie njia ya kurudi, na kwamba usukani wa klabu amempa mpwa wake. Kwa hiyo mwanamume mashuhuri kuliko wote mtoni akasimama kituoni na akapanda basi letu, kwa kuwa halikuwapo jingine. Alibaki mlangoni ameshika chuma.

Aleyamma hakuweza kujizuia. "Pita ndani, mwanangu," alimwambia. "Usukani wa hapa anao dereva, usiwe na wasiwasi."

Wanawake wakaangua kicheko. Sugathan naye akatabasamu kwa aibu. Devayani, aliyekuwa akitazama nje ya dirisha, aliuondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni bila kugeuka. Sugathan akaja, akakaa. Wakaenda hivyo mwendo mrefu, mabega yao yakigongana kwenye mashimo ya barabara. Basi liliposimama njiani Devayani akanunua bajia za dengu dirishani.

"Dada," Sugathan alisema, "niliogopa utazama."

"Ningezama, si wewe ndiye ungekuja kunitoa?" Akamwekea bajia mkononi. "Kula."

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na watu darajani kuliko nilivyowahi kuona. Habari za mahakama zilikuwa zimetutangulia. Watu walipanda paa za maduka, wakaning'inia minazini. Maji yalikuwa yanapwa, na chini ya daraja yalikata kwa ubavu kama kisu kinavyopita kwenye samaki, yakigonga nguzo ya kati na kurudi.

Mitumbwi ya wanawake ilikuwa minne, kwa hiyo wenye usukani wanne. Mzee mmoja wa kijiji jirani cha Mundakkal, mwenye masharubu meupe, alipita kama aliyetoka matembezini. Wa pili akayumba, akapita. Wa tatu alikuwa mpwa wake Kuruvila, kijana mzuri mwenye miwani ya jua. Aliingia kwa kasi, akapiga kelele nyingi, na mkondo ukambeba moja kwa moja hadi kwenye nguzo. Ubavu wa mtumbwi ulilia kwenye saruji, wanawake wa Kuruvila wakapiga mayowe, na ile miwani ikaenda na maji. Hakuna aliyeumia, ila darajani watu walicheka mpaka wakashikana.

Kisha zamu yetu. Nilisikia nyayo za Devayani zikisogea nyuma ya mtumbwi, akitafuta mahali pake. Tulipokaribia kivuli cha daraja akasema tuache kupiga. Tuache kabisa. Makasia yakainuka, mtumbwi ukateleza, nami nikaona nguzo inatujia usoni na nikaanza kumtaja kila mungu ninayemjua. Nyuma yetu kasia kubwa liliingia majini mara moja, zito. Tezi ikageuka. Mkondo uliokuja kutusukuma ukatukuta tumeshaupa mgongo, na ukatubeba upande wa pili kama unatusaidia.

Kelele zilizotoka darajani nilizihisi tumboni.

Sasa Kuruvila alikuwa na mtumbwi na hana mtu wa usukani. Tulimwona, tuko majini tunamwagiana maji, akishuka kwenye ngazi za ukingo kwa fimbo yake, akienda mahali Sugathan alipoketi kula ndizi. Walichosemezana hatukukisikia. Sugathan alimaliza ndizi yake taratibu, kisha akasimama akaenda kupimwa. Akapita, bila shaka. Alipotupita alimpungia dada yake, na Devayani akamwonyesha ngumi. Tulijua kwamba mbio zimekuwa mbio.

Bunduki ilipolia sikuona kitu tena ila mgongo wa aliyekuwa mbele yangu. Tulipiga. Wimbo ulikuwa unatoka kifuani kwetu bila sisi kuutaka, ngoma zikipigwa, maji yakiruka machoni, na katikati ya yote sauti ya Devayani nyuma, haipandi, haishuki, "Vuta. Vuta. Vuta." Kwa pembe ya jicho niliuona mtumbwi wa Sugathan bega kwa bega nasi. Ukitutangulia kwa omo tu, ile ncha ya mbele, tunausogelea. Tukisogea sisi, unakuja. Niliwasikia wakitukanana huko juu nyuma, dada na mdogo, matusi ya utotoni ambayo sisi hatukuyajua, kuhusu mbuzi fulani na embe fulani. Malengelenge yangu yalipasuka. Sikuhisi chochote. Mikono ilikuwa ya mtu mwingine.

Tukaingia chini ya daraja karibu tugusane. Tukatoka wa kwanza. Nilijua tumewaacha kwa sababu maji ya kulia kwangu yalikuwa matupu, na watu ukingoni walikuwa wanaruka. Devayani alipiga yowe moja la furaha, la kwanza na la mwisho nililowahi kumsikia.

Na hapo ndipo tulipoona, upande wa pili kabisa, kando ya matete, mtumbwi wa Mundakkal. Wakati ndugu wawili wanachungana, mzee mwenye masharubu meupe aliwapitisha wanawake wake taratibu ukingoni kwenye maji matulivu, na walikuwa wanavuka kamba ya mwisho. Tulivuka wa pili. Sugathan wa tatu, amebaki nyuma kwa nusu ya mtumbwi.

Hebu niseme kweli: hakuna aliyesikitika. Tulirukia majini na nguo zetu zote. Wanawake wa Kuruvila nao wakaruka. Aleyamma, ambaye hajui kuogelea, alining'inia shingoni mwangu akilia na kucheka, na kidogo anizamishe. Devayani alikaa juu ya tezi, miguu ikining'inia, anajikaripia. Alisema alikuwa anamtazama yule mjinga badala ya kutazama maji, na kwamba baba yao angemchapa. Sugathan aliogelea hadi kwetu, akashika ubavu wa mtumbwi, akamwambia angewachapa wote wawili.

Baadaye, kombe limeshatolewa na watu wanakula wali kwenye majani ya migomba kando ya mto, alitujia mwanamke mmoja wa Mundakkal. Alikuwa kijana, jina lake Rajitha, kasia lake lilikuwa la mbele kabisa katika mtumbwi ulioshinda. Alisimama mbele ya Devayani, akaona haya, mwishowe akauliza kama anaweza kupanda tu kule nyuma, asimame, aone panavyokuwa.

Devayani alinawa mikono. Wakapanda. Baadhi yetu tukapanda nao kupiga makasia, wa Chempakkara na wa Mundakkal tumechanganyika, matumbo yamejaa. Rajitha alilishika lile kasia kubwa kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe. Mara tulipoanza kuvuta mtumbwi ukageuka, ukazunguka duara zima, omo ikitazama daraja, ikitazama mashamba, ikitazama watu waliosimama na wali mikononi wakicheka. Tukazunguka tena. Rajitha alikuwa anapiga kelele kwamba mtumbwi hausikii, hausikii.

"Unasikia," Devayani alimwambia. "Wewe ndiye unayeuambia uzunguke. Haya, mara moja tena."